Damu ya Saa Moja na Damu ya Wiki Mbili

Assalaamu alaykum. Wakunga, wahudumu wa afya wa shehia, na nyinyi kina mama mliotoka mbali, ahsanteni kwa kuja. Leo tunazungumza juu ya mama ambaye mimba yake imeharibika, akapewa vidonge badala ya kusafishwa, akarudi nyumbani. Atatoka damu kiasi gani? Kwa muda gani? Na wakati gani mumtoe nyumbani mbio?

Tuanze na kosa tunalolikuta mara nyingi. Watu wanaogopa siku. Mama akitimiza siku ya kumi bado anatoka damu kidogo, nyumba nzima inataharuki. Lakini siku ya kwanza alipolowesha pedi tatu kabla ya adhuhuri, walisema "iache itoke, inajisafisha." Mambo yako kinyume. Damu ya wiki mbili mara nyingi ni ya kawaida, na damu ya saa moja ndiyo inayoua.

Vidonge vyenyewe vinaitwa misoprostoli. Asili yake ni dawa ya vidonda vya tumbo. Hulikaza fuko la uzazi na kuulainisha mlango wake, na kwa hivyo hayo maumivu na hiyo damu ndiyo dawa inafanya kazi. Mimba ikiwa imeanza kutoka na mabaki yako ndani, na fuko halijafika ukubwa wa wiki 14, dozi ya Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 600 za kumeza, yaani vidonge 3 vya 200, au mikrogramu 400 chini ya ulimi, yaani vidonge 2. Ni mara moja tu. Mimba iliyofia ndani bila kuanza kutoka ina njia nyengine: kidonge kimoja cha mifepristoni cha miligramu 200, halafu baada ya siku moja au mbili mikrogramu 800 za misoprostoli. Na ndiyo njia hiyo hiyo inayotumika pale daktari anapoikatisha mimba kwa sababu iliyoruhusiwa kisheria, ambayo hapa kwetu Zanzibar ni kuokoa maisha ya mama. Vya chini ya ulimi vikae nusu saa bila kutafunwa, kisha kilichobaki kimezwe kwa maji.

Hapa tusimame kidogo kwa sababu ya hewa yetu. Misoprostoli inastahamili joto la kawaida, lakini unyevu unaiharibu. Kidonge kilichobanduliwa kwenye karatasi yake ya bati kikatiwa ndani ya kichupa au kufungwa kwenye pembe ya kanga, na masika haya, nguvu zinapungua bila ya sura yake kubadilika. Mama anameza, hapati damu, anaambiwa mwili wake mgumu. Basi kibanduliwe pale pale anapokitumia.

Sasa saa. Mpeni asubuhi. Akiweka vidonge saa 2 asubuhi, damu huanza au huzidi baina ya saa 3 na saa 6 mchana, na mkazo mkubwa wa damu na maumivu huja kati ya saa 5 na saa 10 jioni. Maana yake kishindo kinapita jua lipo, gari zipo, na mashua zinavuka. Akianza baada ya isha, kishindo kinamkuta usiku wa manane. Kwa mama wa visiwa vidogo vya Pemba, kama Kojani, Kisiwa Panza au Makoongwe, hili si jambo dogo. Kabla hajaweka kidonge mdomoni iulizwe: nani atamvusha, chombo kiko wapi, maji yatakuwa yamekupwa saa ngapi, nani ana gari upande wa pili? Na asiwe peke yake siku hiyo.

Saa hizo za mwanzo atahisi baridi, atatetemeka, huenda akaharisha, na mwili utapata joto. Hiyo ni dawa, na haizidi siku moja. Kwa maumivu apewe ibuprofeni miligramu 400 kila baada ya saa 6 hadi 8, akiwa hana vidonda vya tumbo wala mzio nayo. Asingoje maumivu yapande. Wengine wanahofia ibuprofeni itazuia kazi ya misoprostoli. Haizuii. Panadoli peke yake haifui dafu kwa maumivu haya. Chupa ya maji moto iliyofungwa kanga, chini ya kitovu au kiunoni, inasaidia kweli.

Tuichukue pedi tuitazame. Pedi iliyolowa kwetu ni ile iliyojaa mbele mpaka nyuma, ubavu mpaka ubavu, ukiikamua inachuruzika. Doa la katikati halihesabiwi. Wengi mnatumia vitambaa vya kanga kuukuu, na si vibaya vikiwa safi na vimeanikwa juani, lakini kitambaa hakina kipimo: kimoja kimekunjwa mara mbili, chengine mara sita. Kwa siku hizo mbili za mwanzo nunueni pedi za kawaida, pakiti mbili, ili mama akisema "nne" na mkunga aelewe nne. Kila anayoitoa iandikwe saa yake.

Pedi mbili zilizolowa ndani ya saa moja, na saa ya pili tena mbili: hapo hakuna kungoja saa ya tatu. Anaondoka. Vilevile akitoa mabonge makubwa kuliko limau na hayakatiki, au akiinuka kizunguzungu, macho yanaingia giza, jasho la baridi, mapigo yanakwenda mbio kupita 110 kwa dakika. Alazwe chali, miguu iinuliwe juu ya mto, afunikwe, na apelekwe panapoweza kumsafisha na kumwongezea damu, kama hospitali za Wete, Chake Chake au Abdalla Mzee kule Mkoani. Bonge moja la ukubwa wa ndimu, au mawili, mchana wa siku ya kwanza, pamoja na vipande kama sponji au utando mweupe, ni kawaida. Familia ikitaka kuvizika ivizike kwa heshima yake.

Damu chache nayo ina hatari yake, na hii ndiyo inayowapita hata wazoefu. Ikiwa mimba ilikuwa bado haijaanza kutoka, na saa 24 zimepita baada ya misoprostoli bila damu au ni matone tu, arudi. Huenda dawa haikufanya kazi, na huenda mimba imekaa nje ya fuko, kwenye mrija. Misoprostoli haiitibu mimba ya nje. Mama atakuwa na damu kidogo huku maumivu yamekaza upande mmoja, pengine yanapanda mpaka begani, na anazimia, kwa sababu damu inamwagikia tumboni ambako pedi haiioni. Huyo ni wa chumba cha upasuaji.

Kishindo kikishapita, damu hushuka. Siku chache inafanana na hedhi, kisha inakuwa hudhurungi, inakatika siku mbili, inarudi akifua au akibeba ndoo. Kwa kawaida inachukua siku 9 mpaka 16, na wachache hufikia siku 30. Ikiwa inapungua, hana homa, na chango linatulia, mwacheni apumzike. Tunawaomba pia wenzetu wa vituoni: msimsafishe mama kwa sababu tu picha ya ultrasaundi imeonesha mabonge kidogo ndani. Mabonge yatakuwemo, mtibuni mama si picha.

Homa ya nyuzi 38 inayoendelea baada ya siku ya vidonge, uchafu wenye harufu mbaya, tumbo la chini linalouma likiguswa, au udhaifu na kutapika kusikoisha hata kama mwili haujapata joto, ni dalili za maambukizi. Aende siku hiyo hiyo. Na hapa ndugu zetu wakandaji mtuwie radhi: tumbo lisikandwe kwa nguvu, wala pasiingizwe majani, mafusho au maji ya dawa ndani. Mlango wa fuko bado uko wazi. Kufunga mkaja kwa wepesi hakuna neno, kuoga maji ya uvuguvugu kila siku ndiyo vizuri.

Atakayefika kituoni anatoka damu atibiwe, mimba iwe imetoka yenyewe au imetolewa. Matibabu ni yale yale, na kumhoji kusitangulie drip.

Damu iliyopotea inarudishwa kwa madini ya chuma. Wingi wa damu ukiwa chini ya gramu 12 kwa desilita, apewe vidonge vya chuma, na choo kitakuwa cheusi, asiogope. Uji wa pilipili manga unampasha moto, lakini haujazi damu. Maini, dagaa, kunde, mchicha na matembele ndivyo vinavyojaza. Tatizo letu ni chai. Kidonge cha chuma kinachomezwa kwa chai ya rangi na boflo sehemu kubwa kinapotea, kwa sababu chai inakikamata chuma tumboni. Ameze kwa maji ya ndimu au chungwa, chai ingoje saa moja au mbili.

Yai linaweza kupevuka mapema, hata siku ya 8, kabla ya hedhi ya kwanza, ambayo mara nyingi huja baada ya wiki 4 mpaka 8. Asiyetaka kushika mimba tena mapema azungumze na muuguzi kabla hajaondoka. Sindano, vijiti na vidonge vinaanza siku ile ile, na kitanzi kinangoja ithibitike kuwa fuko ni tupu. Kipimo cha mkojo nacho kinaweza kusema "ana mimba" mpaka wiki 4, kwa mabaki ya homoni tu, kwa hiyo msikikimbilie wiki ya pili mkamtia mtu majonzi mapya.

Mnatuuliza sana juu ya sala: hii ni nifasi, yaani damu ya uzazi, au ni istihadha, yaani damu ya ugonjwa? Hukumu hiyo ni ya mwanachuoni, si ya daktari. Lakini atakuulizeni umri wa mimba, kilichotoka kilikuwaje, damu ilianza lini, ilikatika lini, rangi gani. Ile karatasi ya pedi yenye saa na siku, msiitupe. Mpelekeeni.