Hasi mara hasi: chanya inatoka wapi?

Ndugu zangu, karibu kila aliyesoma hesabu aliikariri sentensi hii: hasi mara hasi ni chanya. Waliouliza kwa nini ni wachache, na waliojibiwa ni wachache zaidi.

Tuanzie kwenye mstari wa namba. Sifuri iko katikati, namba kamili chanya ziko kulia, hasi kushoto. Sifuri yenyewe si chanya wala si hasi. Kila namba ina kinyume chake upande wa pili, kama 5 na −5. Ukizijumlisha unapata sifuri. Shikeni hilo, tutalihitaji. Tena −8 ni ndogo kuliko −3, maana iko kushoto zaidi. Wengi huteleza hapo: jicho linaiona 8, linaisahau alama.

Kujumlisha na kutoa hakutatuchelewesha. Kutoa namba ni kujumlisha kinyume chake, kwa hiyo 4 − (−3) ni 4 + 3, yaani 7.

Sasa kuzidisha. 3 × (−2) ni −2 iliyojumlishwa mara tatu: −6. Lakini (−3) × (−2)? Nani amewahi kujumlisha kitu mara hasi tatu? Basi tuzunguke. 3 + (−3) ni sifuri, na sifuri mara −2 ni sifuri. Yaani (3 + (−3)) × (−2) = 0. Tukifungua mabano:

3 × (−2) + (−3) × (−2) = 0

Kipande cha kwanza tunakijua, ni −6. Ni namba ipi ukiijumlisha na −6 unapata sifuri? Ni 6 peke yake. Kumbe hakuna mtu aliyeamua tu kwamba iwe hivyo! Ukiikataa 6, ukatae na kufungua mabano.

Brahmagupta, mwanahisabati wa India, aliiandika kanuni hii mwaka 628, akiziita chanya mali na hasi deni. Mfano wa deni unapendeza kwenye kujumlisha. Kwenye kuzidisha mimi huuweka kando, maana deni mara deni ndiyo nini?

Kugawanya hufuata alama zilezile: (−12) ÷ (−4) ni 3. Ila ukijumlisha, ukitoa au ukizidisha namba kamili, jibu hubaki namba kamili. Ukigawanya −7 kwa 2, umeshatoka nje.

Haya, nani atakuja ubaoni atuonyeshe (−1) × (−1) kwa njia hiyohiyo?