Tantra, Singo na Kungwi: Nani Alikufundisha Mwili Wako?

NEEMA: Karibu msikilizaji. Mimi ni Neema, niko na dada yangu Zuhura kama kawaida, na leo studio nzima inanukia udi kwa sababu yake. Mada mmeileta ninyi wenyewe. Kila nikifungua Instagram nakutana na matangazo ya kocha wa tantra, kocha wa mapenzi, kocha wa kuamsha mwili, lipia kwa M-Pesa upate kiungo cha darasa. Mnaniuliza: hii tantra ni kitu gani, na je, ni dhambi?

ZUHURA: La dhambi wakamuulize shehe wao au padri wao. La kitu gani, hilo tunaliweza.

NEEMA: Haya, tuanze hapo.

ZUHURA: Asili yake India. Ni maandiko na taratibu za ibada, za Wahindu na za Mabudha, zilizoanza kujitokeza kwenye karne ya 6 hivi. Humo mna mantra, yaani maneno ya ibada yanayorudiwarudiwa, mna michoro ya ibada, mna miungu wa kike wakali ajabu, na mwanafunzi hafundishwi mpaka mwalimu amkubali na kumwingiza rasmi. Mambo ya chumbani yamo, ila ni sehemu ndogo sana ya bahari hiyo, tena kwa wachache na kwa masharti.

NEEMA: Mbona matangazo yote yanaanzia chumbani?

ZUHURA: Kwa sababu yalipitia Magharibi kabla ya kufika kwenye simu yako. Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, alikuwepo Pierre Bernard aliyejitangaza kuwa mwalimu wa tantra, na magazeti yakamla mzima mzima. Baadaye Osho, mwalimu wa kiroho wa Kihindi, akafungua makazi yake Pune, kule India, mwaka 1974, Wazungu wakamiminika. Kule kutafakari kukachanganywa na tiba za kisaikolojia za zama zile, na mchanganyiko huo ndio unaouzwa leo kwa wingi.

NEEMA: Kwa hiyo feki.

ZUHURA: Ngoja, usiwe na haraka. Kipya si lazima kiwe feki. Kuna maandiko ya Kashmir, yana zaidi ya miaka 1,000, yanaitwa Vijnana Bhairava. Mungu wa kike anauliza maswali, mungu wa kiume, Bhairava, anamjibu kwa njia 112 za kutuliza nafsi. Baadhi ni za pumzi. Lakini ipo moja inayosema, ukila na ukinywa ukapata ile furaha yake, kaa nayo, ijae. Nyingine inahusu kusikiliza muziki mpaka uzame. Sasa kocha mzuri, narudia, mzuri, anachukua hapo. Anakufundisha kuuhisi mwili wako ukiwa unaoga, unakula, unatembea. Kitanda kinakuja baadaye sana, au hakiji kabisa.

NEEMA: Mimi leo nimekula chipsi mayai huku najibu barua pepe. Ukiniuliza ladha, sijui.

ZUHURA: Basi wewe ndiye mteja wao.

NEEMA: (anacheka) Lakini da Zuhura, wewe umetoka Unguja. Nikisikia haya yote nafikiria kungwi. Kwetu Moshi hatukuwa naye wa namna hiyo, mimi nimemjulia kwenye kicheni pati za Dar, mama mmoja kashika maikrofoni, anapiga kelele, kila mtu anaona aibu.

ZUHURA: Huyo wa maikrofoni ni msanii wa jukwaani, simlaumu, naye anatafuta riziki. Somo wa kweli, ndiye huyo kungwi, hafanyi kazi mbele ya watu mia. Anakaa na mwari ndani. Ngoma za unyago zina nyimbo zake, zina siri zake. Marehemu Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, dunia ilimjua kwa taarab, lakini Unguja tulimjua vilevile kwa unyago. Yule bibi alikuwa mwalimu.

NEEMA: Anafundisha nini hasa, ukiacha kile kila mtu anachofikiria?

ZUHURA: Usafi. Harufu. Mwendo. Namna ya kukaa. Kwanza harufu, maana pwani yetu mtu anajulikana kwa harufu kabla hajatoa salamu. Chukua singo. Unapata liwa, unasaga. Unachuma asumini jioni inapofunguka, langilangi, mrehani, waridi ukijaliwa. Karafuu kidogo, ukizidisha inawasha. Unaponda, unachanganya na marashi, yale maji ya mawaridi, mpaka iwe rojo. Hiyo bibi harusi anasingwa mwili mzima, taratibu, siku kadhaa kabla ya harusi. Halafu udi, ule uliopikwa na sukari na marashi, unatiwa kwenye chetezo, unafukiza nguo, unafukiza nywele. Kikuba unakibandika kifuani, asumini na mrehani na kilua, na kila ukigeuka kinajibu.

NEEMA: Hiyo kwenye hoteli za kitalii Nungwi wanaiuza kwa dola.

ZUHURA: Na jirani yangu anaifanya uani kwake akiwa na khanga moja, redio inalia.

NEEMA: Sawa, lakini nikubishie. Unaisimulia kwa utamu, ila mwisho wa yote ilikuwa kwa ajili ya nani? Ya mume. Mwari anafundishwa amtulize mume, amfurahishe mume, asichoke. Kuna aliyekaa akamuuliza, wewe binti, unapenda nini?

ZUHURA: Hapo umegusa.

NEEMA: Nataka unijibu, usinipongeze.

ZUHURA: Nakujibu. Wengine waliuliza. Kuna masomo waliokuwa wakisema wazi, mwanamke naye ana haki yake, na nyimbo nyingine za unyago zinamsema mwanamume asiyejua kazi, zinamsema vibaya! Lakini mafunzo kwa jumla yalimwelekeza mwanamke kutoa. Hapo ndipo naona ukocha wa sasa, ukiwa safi, umeongeza kitu. Swali la kwanza ni wewe unahisi nini. La pili, unataka au hutaki. Hilo la hutaki, kungwi wengi hawakulifundisha.

NEEMA: Ahsante. Maana nimechoka kusikia kwamba kila cha zamani kilikuwa dhahabu.

ZUHURA: Na mie nimechoka kusikia kwamba lazima tulipie darasa la Kiingereza ili tujue kupaka mafuta ya nazi polepole.

NEEMA: Polepole hapo pana sayansi, nimesoma. Ngozi yenye vinyweleo, mfano ya mkono huu hapa juu, siyo kiganja, ina nyuzi za fahamu zinazopenda mguso wa taratibu. Watafiti wa Sweden walipima: sentimita 1 hadi 10 kwa sekunde, na pazuri zaidi ni kama 3. Ukienda kasi, au ukiugandisha mkono pale pale, zinapoa. Na mkono uwe na joto la kawaida la ngozi.

ZUHURA: Sentimita tatu kwa sekunde. Ndiyo kusinga huko, hebu pima.

NEEMA: Na ya pumzi hii itakufurahisha, mimi kama Mkatoliki ilinifurahisha. Mwaka 2001 Waitaliano walichapisha utafiti, watu wazima 23, wakawasomesha Salamu Maria ya rozari kwa Kilatini, na wakati mwingine mantra ya yoga. Zote mbili ziliwashusha hadi pumzi kama 6 kwa dakika, na mapigo ya moyo yakapata mpangilio mzuri. Bibi yangu miaka yote na rozari yake alikuwa anafanya mazoezi ya pumzi.

ZUHURA: Na uradi wetu baada ya sala, mtu ukimsikiliza, pumzi ndefu ile ile.

NEEMA: Sasa kwa wenye ndoa. Kuna zoezi ambalo si la tantra kabisa, ni la William Masters na Virginia Johnson kule Marekani, walilitangaza mwaka 1970. Wanandoa wanapigwa marufuku tendo lenyewe kwa muda. Wanapeana zamu ya kugusana tu, na mwanzoni sehemu za siri na matiti haviguswi. Anayeguswa anasema tu hapa pazuri, hapa acha. Washauri wa ndoa wanalitumia hadi leo.

ZUHURA: Marufuku yenyewe inasaidia. Mtu akijua hakuna mtihani mwisho, mwili unalegea. Makocha wengi wa tantra wanalifundisha hilo hilo, wamelivalisha nguo ya India.

NEEMA: Tuje kwenye hatari, maana hapa sitaki mzaha. Daktari ukimtilia shaka, lipo Baraza la Madaktari Tanganyika, unauliza kama amesajiliwa. Kocha unamuulizia wapi? Lipo shirikisho la kimataifa la makocha, ICF, tangu 1995, linatoa vyeti, lakini hakuna anayelazimika kuwa nacho. Mtu anaweza kuamka Jumatatu akawa kocha.

ZUHURA: Na wa tantra ana hatari ya ziada, anakushika pabaya kwa jina la uponyaji. Mie kipimo changu ni kifupi. Kocha hakuvui nguo. Hakugusi. Hakwambii usimweleze mumeo au dada yako. Hakwambii aibu yako ni ugonjwa ambao yeye ndiye dawa. Akifanya moja tu katika hayo, nyanyuka, hata kama umeshalipa.

NEEMA: Na maumivu yasipelekwe kwa kocha. Tendo likiuma, damu ikitoka bila mpango, mwili ukifunga wenyewe, hospitali kwanza.

ZUHURA: Na niseme na upande wetu, haki iwe sawa. Zile shabu na unga na vijiti vya kubana, vinavyouzwa kwa siri ndani ya kanga, achaneni navyo. Ukeni panajisafisha penyewe. Ukitia shabu au sabuni panakauka, panachubuka, bakteria wazuri wanaondoka, na maambukizi yanapata mlango. Wapo masomo wanaoelekeza hivyo mpaka leo. Nawaheshimu, ila hapo hapana.

NEEMA: Tuna ujumbe wa sauti, msikilizaji hakutaka jina. Anasema, "Naanzia wapi, sina pesa ya kocha, mume wangu akisikia haya atanicheka."

ZUHURA: Mwanangu, mumeo mwache kwanza. Anza peke yako. Ukitoka kuoga jioni usikimbilie simu. Mafuta ya nazi, anza miguuni, panda taratibu, na ujiulize tu, hapa pakoje leo? Pana uchovu, pana joto, pana ganzi? Usitafute chochote. Chai yako ya iliki inywe umekaa. Fanya hivyo mpaka uwe umejizoea.

NEEMA: Na akianza kuuliza mbona unanukia?

ZUHURA: Mwambie aoge aje naye apakwe mgongo. Mgongo tu! Asipate mawazo.

NEEMA: Mimi singo nanunua wapi mjini? Nataka ya kweli.

ZUHURA: Ya kopo sikushauri, huwa inatiwa manukato ya dukani, ngozi yako itawaka. Nenda sokoni Darajani nikikupeleka Unguja, utaagiza isagwe ukiona. Ijaribu kwanza nyuma ya sikio, usiku mmoja. Na kama una pumu, udi uache, paka tu.

NEEMA: Nauli ya boti unanilipia?

ZUHURA: Nusu.

NEEMA: Mmesikia wote, kasema nusu. Kipindi kijacho tunaye daktari wa wanawake, maswali ya maumivu yatumeni mapema, na sauti ziwe fupi, jamani, tusikilize na mwenzenu.