Nyambizi ya Beking Pauda

(Mhadhara uliotolewa kwa Kiswahili katika ukumbi wa maktaba, Grand Rapids, Michigan)

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo. Na nyinyi watoto mliokaa huku mbele, naomba msiliguse kwanza hili bakuli la maji. Zamu yenu inakuja.

Wiki tatu zilizopita jirani yangu aliniita nyumbani kwake nimsaidie kuhama. Ni mzee wa hapa hapa Michigan, ana miaka 78, mkewe alifariki mwaka jana na sasa anakwenda kukaa kwa binti yake. Tulibeba viti, tukabeba maboksi ya vitabu. Halafu akatoka na kopo la biskuti, akaketi nalo kwenye ngazi, akakaa kimya kwa muda kabla ya kulifungua. Ndani mlikuwa na pete, filimbi, karatasi iliyokunjwa mara nne, tangazo lililokatwa kwenye kitabu cha katuni, na nyambizi ndogo ya plastiki, ile meli inayozama na kuibuka. Vyote vilitoka kwenye maboksi ya siriali, zile nafaka kavu za kula na maziwa asubuhi, au vililetwa na posta. Pete ilikuwa ya kaka yake, tangazo la dada yake, filimbi ya mdogo wao wa mwisho. Yeye ndiye aliyebaki. Alivishika kimoja kimoja, machozi yakamtoka, wala hakujaribu kuyaficha.

Amenikubalia nije na kopo lake. Hili hapa.

Nimelitafakari kopo hili kwa wiki tatu, nikasoma nilichoweza kusoma, na niliyoyaona ndiyo ninayowaletea jioni hii. Sikubaliani na wanaosema kwamba wazee wa nchi hii wanalilia takataka. Vitu hivi vilikuwa nusu. Viliondoka kiwandani nusu, na nusu iliyobaki alikuwa nayo mtoto.

Ukishika njia ya kusini kutoka hapa, baada ya saa moja na kidogo utafika Battle Creek. Ndiko ilikoanzia Kellogg's, ile Corn Flakes mnayowanunulia watoto. Mwaka 1909 kampuni hiyo ilianza kumpa kitabu kila mama aliyenunua maboksi mawili. Kilikuwa kitabu cha wanyama, kurasa zake zimekatwa vipande, ukifunua hapa unapata kichwa cha mnyama mmoja, ukifunua pale unapata miguu ya mwingine. Baadaye ukaweza kukiagiza kwa posta kwa senti 10. Tazameni kilivyofanya kazi: mnyama mwenyewe hayumo kitabuni mpaka mkono wa mtoto umpange.

Kutoka hapo mambo yakashika kasi. Kulikuwa na zawadi zilizofichwa chini kabisa ya boksi, zinazomfanya mtoto atumbukize mkono mpaka kwenye kiwiko na siriali imwagike mezani. Na kulikuwa na zile za kuagiza. Unakata kipande cha juu cha boksi, unakitia kwenye bahasha pamoja na sarafu uliyoifunga kwa karatasi isigonge, unaandika jina lako na anwani, unabandika stempu. Halafu unangoja wiki nne, wiki sita, wakati mwingine zaidi. Kwa mtoto wa miaka minane wiki sita ni msimu mzima. Na siku bahasha inapofika, juu yake pameandikwa jina lake yeye, si la baba. Mzee wangu ananiambia kwamba kabla ya hapo hakuwa amepata kuandikiwa barua na mtu yeyote duniani.

Upande mwingine walikuwepo wauza maajabu. Alfred Johnson Smith alianzisha biashara yake Chicago mwaka 1914, baadaye ikahamia Racine, kisha Detroit, na ikaendelea kuuza kwa katalogi mpaka ilipofungwa mwaka 2019. Miaka 105! Walikuwa na kifaa kinachojificha kiganjani, ukimpa mtu mkono kinanguruma na kumshtua. Kiliundwa na Soren Sorensen Adams, mhamiaji kutoka Denmaki, mtu yule yule aliyeanza kwa kuuza unga wa kupigisha watu chafya. Sina haja ya kukaa sana hapo. Ninachotaka kukifungua mbele yenu ni hii karatasi.

Mnaiona? Ni hati ya ardhi. Mwaka 1955 kampuni ya Quaker Oats ilinunua eneo la ekari 19.11 karibu na Dawson, kule Yukon, kaskazini ya mbali ya Kanada. Ikaligawa kwenye karatasi kuwa vipande vya inchi moja ya mraba, ikachapisha hati milioni 21 na kuzitia kwenye maboksi ya siriali. Kila mtoto aliyefungua boksi akawa mwenye ardhi. Ni inchi moja, kama ukucha wa dole gumba langu hili. Ilikuwa njia ya kutangaza kipindi cha Sajini Preston, askari wa Yukon, ambacho watoto walikuwa wakikifuatilia.

Sisi tulioacha viwanja na mashamba nyuma yetu, Uvira na Fizi kule Kongo, Kigoma kule Tanzania, tunajua uzito wa neno hati. Kwa hiyo nawaambia wazi: hati hizi hazikuwahi kusajiliwa popote. Mwaka 1965 serikali ililichukua eneo lote kwa sababu ya kodi ambayo haikulipwa, dola 37 na senti 20. Watu waliendelea kuandika barua kwa miaka mingi wakiuliza kipande chao kiko upande gani, na kama kuna dhahabu chini yake.

Na inasimuliwa habari ya mtoto mmoja aliyetuma njiti nne za kuchokolea meno, na barua ya kuomba maofisa wamzungushie uzio kwenye inchi yake. Kila nikiifikiria habari hii nanyamaza. Watu wazima walimpa karatasi. Yeye akaona ardhi, akaona mipaka yake, akaona kwamba mwenye ardhi anawajibika kuitunza, akatafuta nguzo zinazolingana na ukubwa wa shamba lake. Hayo yote hayakuwemo kwenye boksi.

Sasa hili tangazo la dada yake. Mnaona familia hii ya viumbe wenye mataji vichwani, mama anatabasamu, nyuma yao kuna kasri chini ya bahari? Hao ni Sea-Monkeys. Aliyewauza ni Harold von Braunhut. Alianza mwaka 1960 akiwaita "Instant Life", yaani uhai wa papo hapo, na mwaka 1962 akawapa jina hili la nyani wa baharini. Unatia pakiti ya kwanza kwenye maji, ambayo umeambiwa ni ya kusafisha maji. Unangoja siku moja. Unatia pakiti ya pili, ya mayai, na hapo hapo unaona vitu vinaogelea. Siri ni kwamba mayai yalikuwa tayari kwenye pakiti ya kwanza. Walikuwa wameshaanguliwa tangu jana, wadogo mno, na pakiti ya pili iliwaleta machoni pako.

Kiumbe mwenyewe ni artemia, mdudu wa maji ya chumvi wa jamii ya kamba, anayefugwa hata kwenye mabwawa ya chumvi ya pwani ya Kenya, kaskazini ya Malindi. Hana taji. Hana uso wa kutabasamu. Ila ana jambo moja ambalo hakuna mchoraji aliyelichora: yai lake linaweza kukaa kavu miaka na miaka, limelala kati ya uhai na kifo, na likipata maji ya chumvi linaamka. Mwaka 1998, mwanaanga wa Marekani John Glenn aliporudi angani akiwa na miaka 77, mayai ya hawa yalikwenda pamoja naye kwenye chombo Discovery, na yaliporudi yakaanguliwa.

Kuna jambo jingine siwezi kulipita mbele ya watoto wetu. Mwaka 1988 gazeti la Washington Post lilifichua kwamba von Braunhut alikuwa na uhusiano na makundi ya wabaguzi wanaoamini utukufu wa watu weupe, naye mwenyewe alizaliwa katika familia ya Kiyahudi. Senti za watoto wa kila rangi zilipita mikononi mwa mtu huyo. Ukumbi huu umejaa watu waliokimbia chuki ya namna hiyo, na mapenzi ya wazee kwa kopo hili hayanifanyi niifiche.

Dada yake mzee wangu hakuyajua hayo. Aliona vidoa vyeupe vikicheza kwenye gilasi. Siku ya kwanza alilia, kwa sababu hapakuwa na mfalme wala malkia. Siku ya pili akawapa majina. Siku ya tano alikuwa anawasomea hadithi kabla ya kulala. Aliyechora lile taji alijua kwamba kuna mtoto atakayelia, na hilo ni kosa, nalitamka hivyo. Kilichotokea siku ya pili kilikuwa kazi ya binti yule peke yake.

Filimbi hii ni ya miaka ya 1960, ya siriali iitwayo Cap'n Crunch. Ilitengenezwa ipulizwe tu. Lakini wakati huo mitambo ya simu za mbali nchini humu iliongozwa kwa mlio wenye mitetemo 2,600 kwa sekunde. Mtoto mmoja kipofu, Joe Engressia, alikuwa amegundua akiwa na miaka kama saba kwamba akipiga mluzi mlio fulani kwenye simu, laini inakatika. Baadaye ikajulikana kwamba filimbi ya kwenye siriali, ukiziba tundu moja, inatoa mlio ule ule, na John Draper akaitumia sana mpaka akaitwa jina la nahodha wa kwenye boksi. Mwaka 1971 jarida la Esquire liliandika habari za vijana hao wa simu. Aliyeisoma makala ile ni Steve Wozniak. Yeye na rafiki yake Steve Jobs wakatengeneza kifaa chao cha kutoa milio hiyo na kukiuza, miaka michache kabla hawajaianzisha Apple, kampuni ya kompyuta. Lilikuwa kosa kisheria, na Draper alifungwa. Sisemi watoto waige. Nasema kiwandani walidhani wanatoa filimbi.

Pete nitaipita haraka. Ni ya mwaka 1947, ya siriali ya Kix, senti 15 na kipande cha boksi, na jina lake ni pete ya bomu la atomu, miaka miwili tu baada ya Hiroshima. Ndani yake mlikuwa na chembe ya poloniamu, kitu kinachotoa mnururisho. Ukiingia gizani, ukangoja macho yazoee, ukachungulia, unaona vimulimuli vidogo vikiwaka na kuzima, kila kimoja ni mpigo mmoja wa mnururisho kwenye kioo chake. Nusu ya poloniamu hiyo huisha kwa siku 138. Ya kaka yake imeshazima tangu zamani. Nilichungulia, nikaona giza.

Siku hizi? Mwaka 2016 Cracker Jack, bisi za sukari zilizokuwa na zawadi kila pakiti tangu mwaka 1912, waliacha vichezeo na kuweka stika ya kuskani kwa simu. Sheria za usalama zimekaza, na vizuri, kwa sababu watoto wadogo walisakamwa na vipande vidogo. Lakini kuskani kunamletea mtoto mchezo uliokamilika. Hana cha kuongeza.

Mimi nilikulia Kigoma. Hakuna aliyeniletea kitu kwa posta. Gari langu lilikuwa la waya, matairi ya kandambili iliyokatika, na nililisukuma mpaka mtaa wa Mwanga na kurudi. Ndiyo maana mzee alipokuwa analia kwenye ngazi, baada ya dakika chache sikuhitaji mtu wa kunifafanulia. Nilimuuliza tu: mlikuwa mnachezea wapi? Akasema, kwenye sinki la jikoni, wote wanne, na mama anagomba kwa sababu tumemaliza beking pauda yake.

Hii ndiyo nyambizi yenyewe. Kellogg's walizitoa miaka ya 1950. Chini yake kuna kikopo kidogo, na ndani yake unashindilia beking pauda, ile ile ya keki. Iwe beking pauda, si magadi wala soda ya kupikia, kwa sababu ndani ya beking pauda asidi imeshachanganywa ikiwa kavu, inangoja maji. Mzee anasema mwaka ule watoto wengi wa mtaani kwao walitia soda, nyambizi ikazama na kubaki chini, wakadhani wametapeliwa. Kaka yake ndiye aliyesoma maelezo mpaka mwisho. Ikizama, maji yanaingia taratibu, gesi inajikusanya chini ya tumbo lake, inainuka. Ikifika juu inalalia ubavu, povu linatoka, inazama tena.

Haya, watoto, sogeeni. Wewe mwenye sweta nyekundu, chukua kijiko. Jaza, shindilia kwa kidole, bado, ongeza kidogo. Sasa funika. Iweke kwenye maji polepole, usiitupe.

Imezama. Msiliguse bakuli. Subirini.