Kiini cha Yai la Chura: Chatoka Wapi, Chakoma Lini

Walimu wenzangu, wanafunzi, nanyi wakazi wa Kisumu mliotoka kazini mkaja moja kwa moja, karibuni.

Chura wetu jioni hii ni Xenopus, yule mwenye kucha nyeusi anayeishi majini. Aina moja, Xenopus victorianus, iko huku kwetu kandokando ya ziwa. Maabara hutumia zaidi jamaa yake wa Afrika Kusini, Xenopus laevis.

Weka kipande cha ovari yake kwenye sahani na utaona mayai ya kila umri pamoja: machanga yanapitisha mwanga, ya kati ni meupe, makubwa yana nusu nyeusi na nusu ya rangi ya krimu. Lililokomaa lina kipenyo cha milimita 1.2 hivi. Takriban asilimia 80 ya protini yake ni ya kiini, yaani akiba ya chakula cha kiinitete, na yai halikuitengeneza.

Imetoka kwenye ini. Ovari hutoa homoni ya estrojeni, ini likaipokea na kumwaga vitelojenini, protini inayokuja kuwa kiini, kwenye damu. Protini hiyo hupenya kati ya seli zinazolizunguka yai na kunaswa na vipokezi vya utando. Vipokezi hukusanyika kwenye vishimo vya utando vilivyovikwa protini ya klatrini, kishimo kikazama na kuwa kifuko. Asidi ya kifuko huwatenganisha: vitelojenini hubaki ikatwe na kuhifadhiwa, kipokezi hurudi juu kama boda aliyeshusha abiria Kondele akarudi steji.

Wengi hufundisha mpaka hapo. Kwangu, uzito uko kwenye kukoma kwa ufyonzaji huo. Homoni za pituitari, tezi iliyo chini ya ubongo, huongeza ufyonzaji, insulini vilevile. Kisha inakuja homoni ya projesteroni. Ukiidunga ndani ya yai, hakuna kitu. Iweke kwenye maji yanayolizunguka, yai linapevuka, yaani linakuwa tayari kurutubishwa! Ujumbe unasomwa kwenye utando. Ndani, cAMP, molekuli ndogo ya kupitisha ujumbe, inashuka, kinasi A, kimeng'enya kinachoitegemea, inalegea, protini ya Mos inaundwa, mfuatano wa MAP kinasi, vimeng'enya vinavyoamshana, unaamka, na MPF, kichocheo cha kupevusha yai ambacho watafiti Masui na Markert walikionyesha mwaka 1971, kinashika usukani. Yai likishapevuka, halifyonzi tena.

Na dume? Ini lake lina jeni zilezile. Mpe estrojeni naye atatoa vitelojenini, ingawa hana yai hata moja la kuipokea. Ndiyo maana wapimaji wa maji huitafuta kwenye damu ya samaki na vyura madume: ikizidi, huenda majini mna kemikali zinazoiga estrojeni. Mji huu unakunywa maji ya ziwa. Wanafunzi wa baiolojia mlio hapa, nawasihi muanze na madume wa mto Kisat.