Mifumo miwili, diski mbili: mhadhara kwa mafundi wa kompyuta, Arusha

Wakubwa shikamooni, vijana habari za mchana.

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipoacha kutoa masasisho ya bure ya kawaida kwa Windows 10, kazi ya aina moja imeongezeka kwenye meza zetu. Mteja ana kompyuta ya mezani, bado nzima, lakini haina TPM 2.0, ile chipu ya usalama, kwa hiyo haitimizi masharti ya Windows 11. Anataka Linux, mfumo endeshi wa bure, kwa barua pepe na intaneti. Programu yake ya mahesabu, hata hivyo, inakubali Windows tu.

Basi mashine moja ibebe mifumo yote miwili, na wengi wetu tumezoea kuigawa diski ile ile vipande viwili. Ndugu zangu, mshaurini mteja anunue diski ya pili, hata ndogo. Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, inatosha kwenye GB 25, ingawa mimi nisingeweka chini ya GB 120. Diski moja ikifa, mifumo yote miwili imekwenda nayo. Zikiwa mbili, umeme ukikatika katikati ya sasisho, kwa kawaida diski ya pili inabaki salama na ofisi inaendelea na kazi.

Sasa hapa ndipo ninapowaomba msikilize. Kabla ya kusakinisha Linux, ichomoe diski ya Windows. Msitosheke na kuchagua diski kwenye kioo. Zima mashine, toa waya wa umeme ukutani, fungua boksi, chomoa kebo ya data ya SATA. Kama ni NVMe, ile diski bapa inayochomekwa kwenye madabodi bila kebo, fungua ile skrubu ndogo uitoe kabisa. Chukua kalamu ya wino mzito, andika W kwenye diski moja na L kwenye nyingine.

Kwa nini nasisitiza? Kwenye mashine za UEFI, ile programu ya ndani inayoamsha kompyuta, kuna patisheni ndogo, yaani kipande cha diski, ya muundo wa FAT32, kwa Windows mara nyingi MB 100, inayobeba faili la kuamsha mfumo. Programu ya kusakinisha Ubuntu imekuwa na tabia ya kuweka faili lake kwenye patisheni ya aina hiyo inayoikuta kwanza, hata kama umeiambia diski ya pili. Unamaliza kazi, kila kitu kinawaka, unalipwa. Siku diski ya Windows ikitolewa, Linux nayo haiwaki, na diski nzima kabisa inatupwa kwa kudhaniwa imekufa. Ukichomoa, Linux inalazimika kujitengenezea patisheni yake.

Ukirudisha kebo, mfumo utauchagua kwa F12, F11 au Esc wakati wa kuwasha, kutegemea mtengenezaji. GRUB, programu ya Linux inayoonyesha orodha ya mifumo wakati wa kuwasha, tangu toleo la 2.06 kwa kawaida haitafuti mifumo mingine yenyewe, na mimi naiacha hivyo hivyo. Mfumo unaotumika zaidi uweke wa kwanza ndani ya UEFI.

Kwa mashine zenye BitLocker, kufuli la Windows linalosimba diski, chukueni ufunguo wa kurejesha kabla ya kugusa chochote, uandikwe kwenye karatasi akae nao mteja. Zimeni pia ile huduma ya kuwasha haraka ya Windows. Ikiachwa, Windows haizimiki kabisa, na Linux inaweza kuzifungua patisheni za Windows (NTFS) kwa kusoma tu.

Limebaki la saa. Linux huandika saa ya UTC, yaani saa ya kimataifa, kwenye madabodi, Windows huandika saa ya hapa, na sisi tuko mbele ya UTC kwa saa tatu. Mteja anatoka Linux saa nne asubuhi, Windows inamwonyesha saa moja, na ankara zinatoka na muda wa uongo. Kwenye Linux andikeni timedatectl set-local-rtc 1. Amri hiyo huja na onyo kuhusu nchi zinazobadilisha saa kwa majira. Tanzania haibadilishi, itumieni. Kisha ingieni mifumo yote miwili mkague saa kabla mteja hajaondoka na mashine.