Maji Yameingia, Pambio Liendelee?

REHEMA: Wanaotufuatilia wanajua kwamba ninaishi karibu na bonde la Msimbazi, kwa hiyo hawatashangaa kusikia kwamba mvua za wiki hii ziliingiza maji ndani mpaka yakafika usawa wa kitanda. Jumapili, huku ndala zangu zikiwa bado na tope, mwenyekiti wa kwaya akaniambia niongoze pambio la furaha.

AMANI: Na godoro je, Dada Rehema? Nisipouliza, wasikilizaji hawatanisamehe.

REHEMA: Godoro nililiegemeza ukutani barazani likauke, na kila aliyepita aliuliza bei. Mnunuzi wa vyuma chakavu alisimamisha mkokoteni, akalibonyeza kwa kidole mpaka maji yakachuruzika, kisha akasema kwa masikitiko kwamba lingekuwa na chuma angelipima. Nilicheka mpaka nikakaa chini, na furaha niliyopewa na Mungu wiki hii ni hiyo, wala si ya pambio.

AMANI: Hapo sikubaliani nawe, kwa maana kicheko humjia hata asiyeamini. Paulo na Sila walichapwa bakora huko Filipi, wakafungwa miguu kwa mkatale, na usiku wa manane wakaimba, tena baadaye, akiwa kifungoni, Paulo aliliandikia kanisa la mji uleule, “Furahini katika Bwana sikuzote.” Hiyo ni amri, haisubiri godoro likauke.

REHEMA: Waliimba wale wale waliochapwa, mlinzi wa gereza hakuwapangia wimbo. Isitoshe, Paulo huyohuyo aliwaagiza Warumi walie pamoja nao waliao. Zaburi ya 88 inaishia gizani, na hakuna aliyethubutu kuiongezea ubeti wa shangwe.

AMANI: Lakini inaanza kwa kumwita Bwana “Mungu wa wokovu wangu”. Anayeimba huku moyo umegoma analishikilia neno hilohilo, ndiyo maana nasema mwenyekiti wako alikusaidia.

REHEMA: Angenisaidia zaidi kama angeshika ndoo.

AMANI: Haya, bei ilifika ngapi?

REHEMA: Jirani ametaja elfu kumi, kwa sharti kwamba nimpelekee likiwa kavu.

AMANI: Mimi natoa kumi na mbili likiwa hivyohivyo, ila ukiri kwanza kwamba pambio lilikufaa.

REHEMA: Kaka Amani, sikiri hata ukininunulia jipya.

AMANI: Fundi mitambo ananionyesha saa, nasi hatujaigusa barua kwa Wafilipi tuliyoahidi kuichambua, wala yale mafunzo matatu niliyoyaandika hapa.

REHEMA: Basi waisome wenyewe, ina sura 4 tu.

AMANI: Waanze na ya nne, penye amri.

REHEMA: Waanze na ya kwanza, penye vifungo.