Kliniki ya Kisukari: Nani Ana Ruhusa ya Kubadilisha Dozi?

SISTA: Karibuni tena. Leo tunazungumzia kupanga upya kazi katika vituo vya afya ya msingi, na mpangilio huo unavyogusa sukari ya mgonjwa. Daktari, tuanze na rejista, maana ndiko wengi wanakoanzia.

DAKTARI: Na ndiko wengi wanakokwama, Sista. Rejista ni orodha ya wagonjwa wote wa kisukari wa kituo: HbA1c ya mwisho (kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili hadi mitatu) na tarehe yake, presha, dawa, figo, macho, miguu. Kituo kinaijaza vizuri, kisha inabaki hivyo. Vipimo vinaongezeka, sukari haishuki.

SISTA: Hakuna aliyepewa kazi ya kuisoma.

DAKTARI: Ndiyo. Kila wiki mtu mmoja anayejulikana atoe orodha mbili: wenye HbA1c ya asilimia 9 na zaidi, na wasioonekana kwa miezi 6. Hawa wa pili ndio wanaosahaulika, kwa kuwa kliniki humwona anayekuja tu. Wapigiwe simu, wapewe tarehe. Na saa za kazi hiyo ziandikwe kwenye ratiba ya muuguzi. Ukimwambia aifanye akipata nafasi, haitafanyika.

SISTA: Kuna pia suala la majibu ya maabara. Mgonjwa anamwona daktari, anatumwa kupima, majibu yanatoka ameshaondoka. Anabaki na dozi ileile miezi mitatu mingine. Afadhali damu ichukuliwe wiki moja kabla, na jioni ya kuamkia kliniki muuguzi apitie mafaili na kuandika juu ya kila moja kinachokosekana: mkojo wa kupima albumini, yaani protini inayovuja figo zikiumia, damu ya kreatinini inayoonyesha kazi ya figo, picha ya retina, yaani sehemu ya nyuma ya jicho.

DAKTARI: Na miguu?

SISTA: Viatu na soksi vivuliwe kwenye chumba cha kupima presha, kabla mgonjwa hajafika kwako. Akikaa mbele yako na viatu vyake, miguu haikaguliwi. Uzi wa monofilamenti, ule wa plastiki wa kupimia hisia za miguu, ni wa gramu 10. Mgonjwa afumbe macho. Uuguse unyayo wima, uusukume mpaka upinde, sekunde moja au mbili, kisha uuondoe. Pima chini ya kidole gumba na kwenye unyayo panapoanzia vidole. Usipime juu ya sugu, hapo hata mwenye neva nzima hasikii. Na usimuulize "unasikia?" kila unapomgusa, atakuitikia tu.

DAKTARI: Sasa tuje kwenye dozi, ambayo kwangu ndiyo kiini cha mambo. Uchambuzi uliotoka mwaka 2006 katika jarida la tiba la JAMA ulikusanya majaribio 66 ya kuboresha huduma ya kisukari. Kwa jumla HbA1c ilishuka kwa pointi za asilimia 0.42. Pale muuguzi au mfamasia aliporuhusiwa kubadilisha dawa bila kusubiri idhini ya daktari, ilishuka kwa 0.80.

SISTA: Muuguzi asiye na ruhusa hiyo anaona sukari iko juu, anaandika, anamwambia mgonjwa asubiri.

DAKTARI: Ndiyo maana mwongozo wa dozi lazima uwe na namba na saini ya daktari. Metformini, dawa ya vidonge ya kushusha sukari: miligramu 500 pamoja na chakula, ongeza 500 kila wiki hadi 2,000 kwa siku. Ukikimbiza dozi, tumbo linaharisha na mgonjwa anaiacha kimyakimya. Kiwango cha figo kuchuja (eGFR) kikiwa chini ya mililita 45 kwa dakika, usimwanzishie mgonjwa mpya. Kikishuka chini ya 30, iachishwe.

SISTA: Na insulini ya usiku?

DAKTARI: Uniti 10, ongeza 2 kila siku ya tatu mpaka sukari ya asubuhi kabla ya kula iwe chini ya 7.2 mmol/L. Ikigusa chini ya 3.9, punguza dozi kwa asilimia 10 hadi 20. Dozi ikipita nusu uniti kwa kila kilo ya uzito na HbA1c bado iko juu, muuguzi aache kupandisha, amwite daktari. Huenda tatizo ni sukari ya baada ya kula.

SISTA: Hapo niongeze jambo. Kila anayepandishiwa insulini aondoke akijua la kufanya sukari ikishuka: gramu 15 za sukari inayoyeyuka haraka, apime tena baada ya dakika 15, arudie kama bado. Wazee dhaifu wasisukumwe kwenye HbA1c ya asilimia 7. Kwao 8 inatosha, kuanguka kwa sukari kunaumiza zaidi.

DAKTARI: Kisha mkipima maendeleo, gawanyeni kwa wagonjwa wote wa rejista, si waliohudhuria tu. La sivyo kila anayepotea anaifanya kliniki ionekane nzuri. Na HbA1c isiyolingana na sukari ya kidole, kabla ya kugusa dozi, angalieni upungufu wa damu na selimundu.